Karakana na Mashine ya Mbao Nyumbani: Kwa Nini Uanze na Banda la Kukaushia

Wananchi wengi wanaofika katika ofisi zetu kuulizia biashara ya mbao hutanguliza swali moja: mashine ya kupasulia inauzwa bei gani na inapatikana wapi? Ni swali la haki katika wilaya yetu ya Mufindi, yenye Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa nchini, na yenye kaya nyingi ambazo zina ekari moja au mbili za misindano au milingoti nyuma ya nyumba. Anayeona malori yakishuka na mbao kila siku hawezi kulaumiwa akidhani kwamba fedha iko kwenye msumeno.

Somo la toleo hili linapendekeza utaratibu ulio kinyume na huo. Kwanza lijengwe banda la kukaushia, pili iwekwe meza ya fundi, na mashine ya kupasulia ije mwisho. Tunajua pendekezo hili halipendwi, kwa sababu banda la kukaushia halina mlio wala moshi wa kuwavutia wateja. Tunaomba msomaji atuvumilie hadi tumalize kueleza sababu.

Tuanze na mlango. Mwandishi wa somo hili aliwahi kununua mlango wa msindano mwezi wa Machi, mzuri kwa macho, uliopigwa randa na msasa hadi ukang'aa. Kufikia Oktoba mwanga ulikuwa unapenya kati ya mbao zake, na ulimi wa kitasa haukufika tena kwenye tundu lake. Fundi hakuwa mwizi, na kazi yake ya mkono haikuwa na dosari. Alitumia mbao zilizopasuliwa wiki moja kabla, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mteja hakurudi kwake tena, wala hakumweleza sababu. Hivyo ndivyo karakana nyingi za nyumbani zinavyopoteza soko lake bila kujua zilikosea wapi.

Maji yaliyomo ndani ya ubao

Msindano uliokatwa leo unaweza kubeba maji yenye uzito unaolingana na uzito wa mti mkavu wenyewe, au kuuzidi. Maji hayo hukaa mahali pawili. Sehemu moja imo katika uwazi wa vijinyumba vidogo vinavyounda mti, kama maji ndani ya mtungi. Sehemu nyingine imelowa katika kuta za vijinyumba hivyo, kama maji yaliyolowesha udongo wa mtungi wenyewe. Yanapotoka maji ya kwanza, ubao huwa mwepesi lakini haubadiliki umbo. Ubao unaweza kupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake na bado upana wake ukawa uleule. Unyevu ukishuka chini ya takribani asilimia 30, ndipo kuta zenyewe zinapoanza kukauka na kusinyaa. Hapo ubao wa inchi 8 hupungua milimita kadhaa kwa upana, pengine kufikia milimita 8, wakati urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa sababu hupungua upande mmoja zaidi ya mwingine, ubao hupinda, hujinyonga au hupasuka.

Hivyo basi, ubao ulioguswa na kuonekana mkavu juu unaweza kuwa bado haujaanza kusinyaa. Mafundi wengi huamini mikono yao, na mikono haitoshi. Ipo mizani rahisi ambayo kila karakana inaweza kuitumia. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni ambapo hukauka haraka, ukipime kwa mizani ya dukani inayosoma gramu. Kisha kikaushe katika tanuri la mkate au jiko la kuokea kwa joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100, huku ukikipima mara kwa mara hadi uzito usipungue tena. Chukua uzito wa kwanza, toa uzito wa mwisho, kisha gawanya tofauti hiyo kwa uzito wa mwisho. Kipande kilichokuwa na gramu 420 kikaishia gramu 300 kilikuwa na maji ya gramu 120. 120 kwa 300 ni asilimia 40. Ubao huo bado hauko tayari. Kwa milango na samani za ndani katika hali ya hewa yetu, asilimia 12 hadi 15 inatosha.

Banda

Banda la kukaushia halihitaji kuta. Linahitaji paa linalozuia mvua na jua kali, nguzo imara, na sakafu iliyoinuliwa kiasi cha nusu mita kutoka ardhini ili hewa ipite chini na mchwa waonekane mapema. Lijengwe mahali penye upepo, si bondeni karibu na mto. Mbao zipangwe siku ileile zilipopasuliwa. Kuvu wa rangi ya buluu huingia katika msindano mbichi ndani ya siku chache. Haudhoofishi mbao sana, lakini mnunuzi akiuona hushusha bei, na hakuna maelezo yatakayomrudisha.

Kati ya safu moja na nyingine viwekwe vijiti vikavu vyenye unene ulio sawa, takribani inchi moja. Vipangwe kila baada ya sentimita 60 hivi, na kila kijiti kikae juu ya mwenzake kwa mstari wa wima. Tumeona mafungu mengi ambayo vijiti vyake vimewekwa ovyo, kimoja huku na kingine kule. Mbao hukauka zikifuata mawimbi hayo na hazinyooki tena. Juu ya fungu liwekwe jambo zito, kama vile mabanzi yaliyofungwa pamoja au mawe, kwa kuwa safu za juu ndizo zinazojinyonga kwa kukosa mzigo. Miisho ya mbao ipakwe rangi ya mafuta iliyobaki, ili isikauke haraka kuliko sehemu ya katikati na kupasuka. Mwishowe, andika tarehe kwa chaki. Bila tarehe, kila fungu litasemekana ni la mwezi uliopita.

Msindano wa inchi moja hukauka katika muda wa mwezi mmoja hadi mitatu kulingana na msimu. Wa inchi mbili huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Wenzetu wa upande wa mashariki wa wilaya, kwenye ukungu na manyunyu ya mashamba ya chai, wasishangae ikiwa mbao zao zinachelewa kuliko za ndugu zao wa Sadani na Malangali, ambako jua ni kali na hewa ni kavu. Mwenye jamaa upande huo anaweza kufikiria kukaushia huko.

Mlingoti una tabia yake. Ndani ya shina lake kuna mvutano unaoachiliwa mara mti unapoangushwa, na ndiyo maana magogo yake hupasuka miisho hata kabla ya kufika kwenye mashine. Magogo yaachwe marefu kadiri inavyowezekana, yapasuliwe mapema, na mbao zake zikaushwe polepole mahali pasipo na upepo mkali. Anayeanza na asijifunzie ufundi wa kukausha kwa mlingoti.

Kwa nini basi watu huuza mbao mbichi?

Si kwa ujinga. Mwenye magogo anadai fedha yake, vibarua wanadai ujira wa jioni, ada ya shule inasubiri, na lori la mnunuzi limesimama barabarani. Mbao zilizopangwa bandani ni fedha iliyolala, na kaya nyingi hazina uwezo wa kuilaza fedha kwa miezi miwili. Kumwambia mtu wa hali hiyo akaushe mbao zake zote ni kumtania.

Ushauri tunaoutoa ni mdogo zaidi. Katika kila mbao 100 unazopasua au kununua, weka 10 bandani na uziuze 90 kama kawaida. Zichaguliwe zilizonyooka, zisizo na vifundo vingi. Baada ya miezi mitatu utakuwa na fungu la kwanza lililokauka, na kila wiki inayofuata utakuwa na mbao kavu za kuingiza karakanani bila kukopa. Fungu hilo litumike kwa kazi za karakana tu, kama milango, fremu za madirisha, vitanda, mizinga ya nyuki na madawati. Huko ndiko ubao mmoja unakopata thamani ambayo haupati barabarani. Ukumbukwe pia mzigo wa njiani. Meta moja ya ujazo ya msindano mbichi ina uzito wa karibu mara mbili ya ule wa msindano mkavu, na safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Anayesafirisha mbao mbichi analipia nauli ya maji.

Karakana yenyewe

Hapa tutapita haraka, kwa sababu mafundi wetu wanajua kazi. Chumba cha mita 4 kwa 6 kinatosha kwa kuanzia, ilimradi mlango na dirisha vitazamane ili ubao wa futi 12 upite ukirandwa bila kugonga ukuta. Karakana isishikane na jiko la nyumba. Meza ya fundi iwe nzito, na kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono uliouteremsha. Vifaa vya mwanzo ni msumeno wa mkono, randa mbili, patasi za ukubwa tofauti, keekee, nyundo, jiriwa, tupa, kipimo cha pembe mraba na jiwe zuri la kunolea. Mashine ya kwanza kununuliwa na iwe ya kuranda, kwa kuwa mbao zetu hutoka mashineni zikiwa na unene usio sawa. Mota ndogo hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani; mota kubwa huhitaji umeme wa njia tatu, na ni vizuri kuwauliza TANESCO kama nguzo za njia tatu zimefika kitongojini kwako kabla ya kulipia mashine.

Jambo moja halijadiliki. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani huwa na shaba, kromiamu na arseniki. Mabaki na maranda yake yasitumike kupikia wala kutandikwa kwenye banda la kuku. Wafugaji huja karakanani kuomba maranda, na fundi mwema huwapa bila kuuliza. Weka magunia mawili tofauti na uyaandike.

Sasa mashine ya kupasulia

Mashine inayotumika zaidi kwetu ni ile ya msumeno wa duara inayoendeshwa kwa injini ya dizeli, ambayo sote tunaiita dingidongi. Ina sifa zake: ni nafuu, huhamishika hadi shambani, na fundi wa chuma wa hapahapa anaweza kuitengeneza. Ila meno yake hula njia pana. Tuchukue gogo lililokwisha kukatwa pande mbili hadi likabaki na unene wa milimita 160, tulipasue mbao za milimita 25. Msumeno unaokula milimita 7 kila unapopita utatoa mbao 5, na mabaki yasiyofikia unene wa ubao. Msumeno wa mkanda unaokula milimita 2 utatoa mbao 6 kamili, kwa kuwa mbao sita ni milimita 150 na njia tano za msumeno ni milimita 10. Gogo ni lilelile na mti ni uleule uliosubiriwa kwa miaka mingi, lakini ubao mmoja kati ya sita umegeuka maranda.

Hatusemi kila mtu anunue msumeno wa mkanda. Bei yake ni kubwa, mikanda yake hukatika, na kuinoa kunahitaji mtu aliyejifunza. Tunachosema ni kwamba kikundi cha kaya kadhaa zenye mashamba jirani kinaweza kumiliki mmoja, na kwamba mwenye dingidongi anaweza kupunguza hasara yake kwa kunoa meno kila siku, kuyatega kwa upana ulio sawa na kuhakikisha kitanda cha mashine kimelala sawasawa. Meno butu huupasha msumeno joto, nao huanza kuyumba na kutoa ubao wenye unene wa inchi moja upande huu na inchi moja na nusu upande ule.

Kila mwenye mashine awe na daftari. Aandike ujazo wa magogo yaliyoingia na ujazo wa mbao zilizotoka. Kwa mfano, ubao wa inchi 1 kwa 8 wenye futi 12 una ujazo wa takribani meta za ujazo 0.0183. Magogo ya meta za ujazo 2 yakitoa mbao 34 za namna hiyo, umepata meta za ujazo 0.62, yaani asilimia 31 tu. Asiyeandika huamini kwamba anapata nusu.

Sehemu ya hasara hiyo hailetwi na mashine, bali na umri wa mti. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 20 lina ujazo mara nne ya lile la sentimita 10 lenye urefu uleule. Msindano wa mbao katika mashamba ya Serikali huvunwa ukiwa na umri wa takribani miaka 18 hadi 25, ilhali vijijini tunaiona ikiangushwa mapema zaidi ya hapo kwa sababu ya shida za nyumbani. Mbao za miti hiyo ni za moyo mchanga, nazo hujinyonga hata zikikaushwa kwa uangalifu wote tulioueleza. Ikiwa lazima mti uuzwe mapema, ni afadhali kupunguza ile midhaifu na kuiacha minene iendelee kukua, kuliko kufyeka shamba zima.

Kuhusu usalama, msumeno wa duara uwe na kinga juu na bapa la chuma nyuma yake, linalozuia ubao usiubane msumeno ukamrudia mtu kifuani. Mkanda wa injini ufunikwe. Pawe na namna ya kuzima injini ambayo anayesukuma gogo anaweza kuifikia bila kuzunguka. Nguo zisilegee, kijiti cha kusukumia kitumike mkono unapokaribia meno, na mtu asifanye kazi peke yake. Vijana wetu waliopoteza vidole hawakuwa wazembe kuliko wengine. Wengi walikuwa wamechoka, jioni, wakimalizia gogo la mwisho.

Nyaraka

Biashara ihusishwe na namba ya mlipa kodi kutoka TRA na leseni ya biashara inayotolewa na Halmashauri. Anayefanya biashara ya mazao ya misitu hujisajili kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kila mwaka wa fedha wa Serikali, na mbao hazitoki kijijini bila hati ya kusafirishia. Kwa miti iliyopandwa shambani kwako, tangulia serikali ya kijiji ikupe barua inayothibitisha kwamba shamba na miti ni mali yako. Miti ya asili ni habari nyingine kabisa. Wilaya yetu ina hata kata iitwayo Mninga, lakini kuukata mninga au mkongo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hata kama umeota katikati ya shamba lako la mahindi. Anayeajiri vibarua asajili eneo la kazi kwa OSHA na ajiunge na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutolewa kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi mengi ya sekta ya mbao huja na bei ya mashine tu. Kikundi kinachokuja na daftari la miezi mitatu, banda lenye mafungu yaliyoandikwa tarehe, na mteja mmoja au wawili wanaosubiri milango, ni rahisi zaidi kwa maofisa kukisimamia na chenyewe ni rahisi kurejesha. Kikundi cha namna hiyo kinaweza pia kujisajili katika mfumo wa NeST na kuomba zabuni za madawati zinazotengwa kwa makundi maalumu.

Mafunzo ya kunoa misumeno na kukausha mbao hupatikana katika Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo Moshi, na pia katika kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kilichopo Mafinga. SIDO hushauri kuhusu mashine. Anayetaka tumtembelee na kulikagua banda lake apitie kwa mtendaji wa kata, ambaye atatufikishia ombi. Atuandalie kipande cha ubao kutoka katikati ya fungu lake la zamani zaidi. Mizani tutakuja nayo.